Mbegu Mpya ya Sungura Haitengenezwi kwa Jina



Wenzetu kadhaa hapa Remera wameuliza kama inafaa kutoa mshahara wa wiki nzima kununua dume moja la sungura wa "mbegu mpya". Swali hili ni la haki, maana fedha hiyo ni jasho la mtu. Basi kwanza tujue mbegu ni kitu gani.

Mbegu ni kundi la wanyama ambao wakipandishwa wao kwa wao huzaa watoto wanaofanana nao, kizazi baada ya kizazi. Chotara si mbegu. Ukipandisha jike la kienyeji kwa dume jeupe la New Zealand (ambaye, licha ya jina lake, alitengenezwa Marekani), watoto wa kwanza mara nyingi huwa wazuri: wana nguvu na wanakua upesi. Hapo ndipo mwuzaji hufika sokoni na jina jipya. Lakini wapandishe watoto hao wao kwa wao, utaona wajukuu wametawanyika: huyu mkubwa, yule mdogo, huyu mweupe, yule wa kijivu. Mnunuzi hudhani hakulisha vizuri, kumbe aliuziwa chotara.

Kazi yenyewe ni ndefu. Katika miaka ya 1920, huko California, mfugaji George West alitaka sungura mwenye nyama nyingi na ngozi nzuri. Alichanganya mbegu ya Himalayan na ya Chinchilla, akachagua madume, akayapandisha kwa majike meupe ya New Zealand, kisha akaendelea kuchagua na kuondoa. Chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani kilimkubali Californian kuwa mbegu kamili mwaka 1939.

Tupige hesabu. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Jike hupandishwa akiwa na miezi mitano au sita. Kwa hiyo kizazi kimoja hakipungui miezi sita au saba, na vizazi vitano ni karibu miaka mitatu. Tena huwezi kufanya hivyo kwa dume mmoja na majike mawili. Baada ya muda mfupi utakuwa unapandisha ndugu kwa ndugu, na vitoto vitaanza kuzaliwa vichache na dhaifu.

Kwa mfanyakazi mwenye vizimba vinne nyuma ya nyumba, kazi hii haiwezekani. Kwa nyumba ishirini zilizokubaliana, inawezekana. Kila nyumba ifuge majike matatu, madume yabadilishwe kati ya nyumba na nyumba, na daftari liwe moja. Humo iandikwe baba, mama, siku ya kuzaa, vitoto vilivyozaliwa, na vingapi vilifika kuachishwa ziwa. Bila daftari hakuna mbegu, kuna sungura tu.

Na tuchague nini? Wengi hutazama ukubwa wa dume. Mimi naona ni kosa. Sungura wengi wa ng'ambo walichaguliwa wakila chakula cha kiwandani, ambacho mshahara wetu hauwezi kukinunua kila siku. Sisi tunataka jike anayekula majani na majani ya viazi vitamu, naye akafikisha vitoto vyake vingi kwenye wiki ya sita vikiwa hai. Watoto wa jike kama huyo ndio wa kubakiza. Wengine ni kitoweo, hivyo kuondoa si hasara.

Mwenye kutaka kununua sasa hivi asiulize jina la mbegu. Amwombe mwuzaji amwonyeshe daftari, wazazi, na wajukuu waliozaliwa na sungura hao hao wao kwa wao. Akiambiwa wajukuu bado hawajazaliwa, alipe bei ya sungura wa kawaida.