Mbolea msituni: shina hunenepa, mizizi hupungua

Na Mwandishi Wetu, Massachusetts

WENGI wetu tulio ughaibuni hatutumi nyumbani pesa za karo na matibabu tu. Zipo pia za shamba la miti. Mtu ananunua ekari kadhaa Mufindi au Njombe, anapanda misonobari, kisha anangoja miaka mingi avune mbao. Swali la kwenye simu huwa lile lile: je, tuweke mbolea ili miti iwahi kukua?

Kabla ya kujibu, ndugu msomaji, tutazame kwanza chini ya ardhi.

Majani ya mti hutengeneza sukari. Sehemu yake hujenga shina na matawi, na sehemu nyingine hushuka kwenye mizizi, hasa ile myembamba kama uzi inayofyonza maji na virutubisho. Sukari hiyo hiyo huwalisha kuvu wanaoishi kwenye ncha za mizizi, nao huuletea mti virutubisho kutoka mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki.

Gharama hiyo si ndogo. Kaskazini mwa Uswidi, watafiti waliambua magome ya misonobari kuzunguka shina ili sukari isishuke. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kuwa katika muda wa miezi miwili hivi hewa ya ukaa inayotoka ardhini ilipungua kwa karibu nusu.

Sasa tuje kwenye mbolea. Huko huko Uswidi, mahali paitwapo Flakaliden, majaribio ya kurutubisha msitu yalianza mwaka 1987. Mashina yalikua kwa kasi mara kadhaa zaidi ya yale yasiyowekewa kitu. Lakini fungu la chakula lililopelekwa mizizini lilipungua. Mti uliowekewa chakula mlangoni hauna sababu ya kukitafuta mbali.

Hapa Massachusetts, katika msitu wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioko Petersham, tangu mwaka 1988 watafiti wamekuwa wakiweka naitrojeni katika vipande vya msitu, kilo 50 au 150 kwa hekta kila mwaka. Walitaka kujua madhara ya naitrojeni inayotoka kwenye magari, viwanda na mashamba, ambayo hurudi ardhini na mvua. Kiwango cha juu kinakaribia kile wanachoweka wakulima wa mahindi wa Marekani. Kwa kiwango hicho, kuvu wa udongoni walipungua, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 2000 misonobari mingi ilikuwa imekufa.

Hii haina maana kwamba mbolea ni sumu. Pale udongo ulipopungukiwa fosforasi, mche unaopewa kiasi kidogo hupata nguvu ya kutoa mizizi zaidi. Tena mizizi myembamba huongezeka mahali mbolea ilipoangukia. Hatari iko kwenye kuzidisha: mti wenye majani mengi na mizizi michache unahitaji maji mengi, na kiangazi hakina huruma.

Afrika ina somo lake pia. Mwanzoni mwa karne ya 20, mabwana misitu katika sehemu nyingi za bara letu waliona miche ya misonobari ya kigeni ikidumaa na kugeuka njano vitaluni. Ilistawi pale tu ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari mikubwa na kuchanganywa na ule wa kitalu. Kilichokosekana ni kuvu wa mizizi.

Basi ndugu yako akipiga simu kuomba pesa za mbolea, muulize kwanza: udongo umepimwa? Miche ilitoka kitalu gani, na ilikuzwa kwa udongo upi? Palizi imefanyika? Majibu yakiwa mabaya, pesa zianzie hapo. Mfuko wa mbolea unaweza kusubiri.