Kilima cha Pendle: tukiwa juu, tunaona nini?

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Lancashire, kuna kilima kinachoitwa Pendle. Kilele chake kiko mita 557 juu ya usawa wa bahari. Kwetu Kivu hicho hakihesabiwi kuwa mlima. Maji ya Ziwa Tanganyika pale Uvira yako juu kuliko kilele hicho, kwa mita 200 na zaidi. Lakini kilima hiki kidogo kimebeba mambo mawili ambayo Kanisa halipaswi kuyasahau. La kwanza lilitokea mwaka 1612, la pili mwaka 1652. Kati yake ilipita miaka 40, na wapendwa wanaosoma Biblia wanajua uzito wa hesabu hiyo. Tunawaeleza habari hii kwa sababu mambo hayo mawili bado yanapigana ndani ya mitaa yetu na ndani ya vyumba vyetu vya maombi.

Kupanda kwenyewe

Tuanze na jina. Watu wa kale wa sehemu ile walikiita kilima hicho kwa neno lao "pen", maana yake kilima. Baadaye wakaja watu wa lugha nyingine, nao wakaongeza neno lao lenye maana ileile. Maneno mawili yakashikana, yakawa Pendle. Vizazi vilivyofuata vikasahau maana, vikaongeza tena neno la Kiingereza la leo. Hivyo anayesema "Pendle Hill" anasema "kilima kilima kilima".

Kwetu mtu hupanda kilima akiwa na kazi: anaenda shamba, anatafuta kuni, au anakimbia vita akiwa na mtoto mgongoni. Waingereza wengi hupanda siku ya mapumziko bila mzigo wowote, ila mkate na chai ndani ya mfuko, ili mwili utembee na moyo utulie. Sheria yao ya mwaka 2000 inawaruhusu watu wote kutembea kwa miguu kwenye sehemu za milima na nyika zilizoandikwa rasmi, hata kama ardhi ni ya mtu.

Wengi huanzia Barley, kijiji kidogo chini ya kilima upande wa mashariki. Njia inapita kwenye malisho ya kondoo, kando ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Kisha inafika mahali pa kupanda kwa nguvu, ambapo yamewekwa mawe kama ngazi. Hapo maneno yanakwisha, kila mtu anasikia pumzi yake. Mwenye miguu mizuri anatoka kijijini na kufika kilele kwa muda wa saa moja hivi.

Juu ni tambarare, pana, na upepo hauna kizuizi. Miti hakuna, ni nyasi na vichaka vifupi tu. Udongo ni mweusi na umelowa, umetokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka; zamani watu wa nchi zile waliukata, wakaukausha na kuuchoma kama sisi tunavyochoma makala. Mara nyingi wingu linafunika kilele na mtu haoni hata hatua ishirini mbele yake. Likiondoka, upande mmoja unaona bonde la mto Ribble na milima ya Yorkshire, upande mwingine miji ya Burnley na Nelson, na siku ya hewa safi kabisa unaona bahari kwa mbali upande wa magharibi.

Mwaka 1612: kilima cha hofu

Tarehe 18 Machi 1612, karibu na mji wa Colne, msichana maskini aliyeitwa Alizon Device alikutana na mchuuzi aliyetembeza bidhaa zake kwa miguu, John Law. Alimwomba pini. Mchuuzi akakataa. Muda mfupi baadaye mchuuzi akaanguka, upande mmoja wa mwili ukalegea. Leo muuguzi yeyote wa kituo cha afya angesema ni kiharusi. Siku zile walisema ni ulozi, na msichana mwenyewe akaamini kwamba hasira yake ndiyo iliyomwangusha yule mtu, akaomba msamaha.

Kuanzia hapo moto ukaenea. Hakimu wa sehemu ile, Roger Nowell, aliihoji familia. Bibi ya Alizon, ambaye watu walimwita Demdike, alikuwa mzee wa miaka kama 80 na kipofu, akiishi kwa kuomba na kwa kutibu watu na mifugo. Kulikuwa na bibi mwingine maskini kama yeye, Chattox, na familia hizo mbili zilikuwa na ugomvi wa siku nyingi. Kila upande ukautaja mwingine. Majirani nao wakakumbuka kila mtoto aliyekufa na kila ng'ombe aliyeugua.

Walifungwa katika ngome ya Lancaster. Demdike alifia gerezani kabla ya kesi. Mwezi wa nane mahakama ikaketi, na shahidi mkubwa akawa Jennet, mdogo wake Alizon, mtoto wa miaka kama tisa. Walimsimamisha juu ya meza ili aonekane na wote, akamshuhudia mama yake mzazi kuwa mlozi. Mama alipolia kwa sauti, alitolewa nje ili mtoto aendelee kusema. Tarehe 20 Agosti 1612 watu kumi walinyongwa, kati yao Alizon, mama yake na kaka yake.

Wapendwa, tusiseme kwamba hao walikuwa wapagani wasioijua Biblia. Uingereza ilikuwa nchi ya Kiprotestanti. Mfalme wake, James, ndiye aliyeagiza tafsiri maarufu ya Biblia ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1611, mwaka mmoja tu kabla ya kesi hiyo. Mfalme huyohuyo alikuwa ameandika kitabu juu ya uchawi mwaka 1597. Waliijua Kutoka 22:18. Lakini palipohitajika haki, waliliacha agizo la Kumbukumbu la Torati 19, linalotaka waamuzi wachunguze kwa bidii na shahidi wa uongo aadhibiwe. Kuwa na Neno mkononi hakukuwazuia kuua kwa sababu ya hofu.

Na mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1633, katika sehemu ileile, mvulana wa miaka kama kumi, Edmund Robinson, alisema ameona walozi. Alizungushwa makanisani ili aonyeshe kwa kidole nani ni mlozi, na watu wake wakapata pesa. Watu wengi walihukumiwa. Safari hii serikali ya London ilisimamisha adhabu na kuchunguza. Mvulana akakiri kwamba alitunga yote: alikuwa amechelewa kurudisha ng'ombe nyumbani, akaogopa kupigwa.

Mwaka 1652: mtu aliyeona watu

Mwaka 1652 kijana mmoja alipita chini ya kilima hicho. Jina lake George Fox, mtoto wa mfumaji wa nguo, aliyefunzwa kazi ya viatu. Hakuwa amefikisha miaka 28. Alikuwa akizunguka nchi akihubiri kwamba Kristo mwenyewe anaweza kumfundisha mtu moyoni, awe mkubwa au mdogo, mwanamume au mwanamke. Katika habari za maisha yake anaeleza kwamba alisukumwa na Bwana kupanda Pendle, na kwamba alipanda kwa taabu kwa sababu ya mwinuko. Siku kadhaa alikuwa hajala wala kunywa kitu cha maana.

Akiwa juu aliiona bahari, na Bwana akamfunulia sehemu ambazo watu wengi walikuwa wakingoja kukusanywa. Wakati wa kushuka alikunywa maji kwenye chemchemi, na mpaka leo watembeaji wanaionyesha kwa jina lake. Siku chache baadaye, kule Firbank Fell, alihubiri juu ya mwamba mbele ya watu zaidi ya elfu moja. Hapo ndipo kundi la Marafiki, wanaoitwa pia Quakers, lilipoanza kuwa kanisa kubwa. Marafiki walifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, wakafika Kibimba, Burundi, mwaka 1934, na kwetu wako Uvira na Fizi kama ndugu zetu ndani ya ECC. Kwa hiyo habari ya kilima hiki si ya mbali kama inavyoonekana.

Fox mwenyewe alishtakiwa na watu kuwa mchawi, na baadaye alifungwa katika ngome ileile ya Lancaster ambamo Demdike alikufa. Kilima kilikuwa kilekile, na vijiji chini yake vilikuwa vilevile. Wengine walitazama vijiji hivyo wakaona maadui waliojificha. Yeye alitazama akaona kundi lisilo na mchungaji, kama Mathayo 9:36 inavyotuonyesha jinsi Yesu alivyowatazama makutano.

Nasi, huku kwetu

Tunajua yanayotokea Mashariki mwa Kongo. Mtoto anakufa kwa malaria, na usiku huohuo jina la bibi fulani linatajwa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, nao wanasema ni alama. Mtu katika chumba cha maombi anasema ameonyeshwa katika maono. Vijana wanakusanyika na petroli. Asubuhi mchungaji anaitwa kuzika, na mara nyingine haitwi.

Hatusemi kwamba nguvu za giza hazipo. Tunasema kwamba Wakolosai 2:15 inatufundisha zilivyoshindwa msalabani, na ushindi huo haukumwagika damu ya bibi wa jirani. Tunasema pia kwamba sheria ya nchi iko wazi: kumuua mtu anayeshtakiwa ulozi ni kuua, na Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kuwa mlozi.

Basi viongozi wa makanisa yetu tufanye nini? Kwanza, jina la mtu lisitajwe kamwe katika maombi wala katika unabii kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa au kifo. Anayelitaja asimamishwe huduma, hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama anajaza viti. Pili, mtoto asifanywe shahidi. Mkumbuke Jennet juu ya meza na Edmund na ng'ombe wake. Tatu, mgonjwa apelekwe kituo cha afya, na kanisa lisaidie kulipa ikiwa familia haina kitu. Nne, uvumi ukianza, mchungaji asingoje kesho. Aende kwa shefu na polisi jioni hiyohiyo, kisha aende akaketi mlangoni kwa yule mzee pamoja na mashemasi wawili au watatu, watu wote wawaone. Kundi lenye petroli linasita likikuta wamama wa kanisa wanaimba kwenye ua.

Tano, tuwatembelee wajane na wazee kabla ya shida kuja. Anayeshtakiwa kwa wepesi ni yule asiyetembelewa na mtu. Demdike na Chattox walikuwa maskini waliozunguka wakiomba chakula, na waliowanyima ndio waliokuwa wa kwanza kuwaogopa.

Nchi yetu haikosi mahali pa juu. Mkitoka Uvira kuelekea Moyen Plateau, mkisimama mpumzike, geukeni mtazame chini. Mtaona mabati ya nyumba zetu yanang'aa kando ya ziwa. Chini ya moja ya mabati hayo yuko bibi ambaye mwaka huu hakuna mtu wa kanisa aliyebisha hodi kwake. Mkishuka, anzeni na nyumba hiyo. Bwana awape macho ya kuona watu wake, na miguu ya kuwafikia. Amina.