Unataka msumeno wa mnyororo? Anza na mwili wako, injini baadaye

Mvua zinapokaribia, mwenye mkaratusi nyuma ya nyumba au mwembe ulioinamia paa huanza kuangalia juu kwa wasiwasi. Zamani angemwita jirani mwenye shoka. Siku hizi msumeno wa mnyororo, ambao wengi tunauita chenso, unauzwa madukani na mitandaoni, na mtu ambaye hajawahi kuushika anaweza kurudi nao nyumbani jioni kwa bodaboda. Muuzaji atamweleza nguvu za injini na urefu wa chuma. Ni nadra kumuuliza anatumia dawa gani, anaona vizuri kiasi gani, au nyumbani ana watoto wa umri gani. Wiki hii tuyaulize sisi maswali hayo.

Mnyororo wa msumeno wa petroli ukikanyagiwa moto wote hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde, sawa na gari lililo kwenye kilomita 70 kwa saa, na mingine hupita hapo. Meno yake hayakati kama kisu. Yanachimba na kung'oa, ndiyo maana jeraha lake huwa pana, limechanika ovyo, na limejaa unga wa mbao na oili. Nchini Marekani, ambako msumeno huu ni kifaa cha kawaida cha nyumbani, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa (CDC) kimekuwa kikieleza kuwa watu wapatao 36,000 hutibiwa hospitalini kila mwaka kwa majeraha yake. Mara nyingi kinachoumia ni paja au goti la kushoto, na mkono wa kushoto. Ukitazama mtu anavyosimama na msumeno utaelewa: mguu wa kushoto uko mbele, na mkono wa kushoto ndio ulio karibu na mnyororo.

Jambo la kwanza kujua kabla ya kununua ni kwamba msumeno hupiga teke. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka, ikigusa tawi au gogo jingine, mnyororo hukwama kwa nukta moja na msumeno mzima hurushwa juu kumwelekea aliyeushika. Unamfikia begani, shingoni au usoni kabla hajajua kimetokea nini. Hakuna mtu mwenye wepesi wa kuukwepa, hata kijana. Kwa hiyo usidanganyike na bapa refu. Kwa kupunguza matawi, kukata kuni na kuondoa mti wa wastani uani, bapa la sentimita 30 hadi 40 linatosha, na injini ya ujazo wa sisi 30 hadi 40 inatosha pia. Bapa refu lina ncha usiyoiona iko wapi, na ncha usiyoiona ndiyo inayopiga teke.

Ukiwa dukani, injini ikiwa imezimwa, omba kuonyeshwa breki ya mnyororo. Ni ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Ukiisukuma mbele, mnyororo unapaswa kukaza kabisa. Ukiivuta nyuma, unaachia. Kisha jaribu kubonyeza kichochezi cha moto bila kukandamiza kile kizuizi cha juu ya mpini kwa kiganja. Kikikubali kubonyezeka, msumeno huo uache hapo hapo hata kama bei yake ni ya kutupa. Angalia pia kama kati ya mipini na injini kuna springi au mipira ya kupunguza mtetemo. Misumeno ya bei rahisi sana wakati mwingine haina, na hilo tutalirudia.

Halafu pima uzito kwa mikono, usitegemee karatasi. Uzito ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni bila mafuta, bila bapa na bila mnyororo. Ushike kwa mikono miwili usawa wa kiuno kwa dakika mbili au tatu. Mikono ikianza kutetemeka pale dukani, kwenye kivuli, utakuwaje juani baada ya nusu saa? Uchovu ni chanzo kikubwa cha ajali za msumeno, na mwenye mgongo unaouma au bega lililowahi kuteguka huchoka mapema kuliko anavyokubali.

Sasa kuhusu petroli na betri. Wa petroli una nguvu na unafika shambani kusiko na umeme, lakini moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoleta kichwa kuuma, kizunguzungu na hata kifo mtu akiwasha injini ndani ya banda au stoo. Mwenye pumu atausikia moshi huo kifuani hata akiwa nje. Wa betri hauna moshi, ni mwepesi kuwasha na una kelele kidogo zaidi. Kwa uwanja wa kawaida wenye miti michache, mimi ningechagua wa betri. Ila wepesi huo wa kuwasha una upande wake mbaya kwa wazazi: mtoto wa miaka saba hawezi kuvuta kamba ya injini ya petroli kirahisi, lakini kubonyeza vitufe viwili anaweza. Betri itolewe kila baada ya kazi na ifungiwe mbali na msumeno.

Kelele watu huidharau. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kwenye desibeli 100 asizidi dakika 15. Misumeno mingi ya petroli hupita 100 sikioni mwa anayeishika. Pamba au vipande vya kanga masikioni havitoshi. Vinahitajika vikinga masikio vyenyewe. Mtetemo nao huharibu polepole mishipa midogo ya damu na ya fahamu ya vidole. Huanza kama ganzi na kuchomachoma, kisha vidole hugeuka vyeupe wakati wa baridi. Mwenye kukata kuni mara mbili kwa mwaka hana haja ya kuogopa sana. Anayepasua mbao kila siku kwenye baridi ya Njombe au Mufindi, akiona dalili hizo, amwone daktari mapema, na kama anavuta sigara aache, kwa sababu sigara hubana mishipa ile ile.

Kuna tabia moja inayostahili kukemewa: kumwaga oili chafu ya gari kwenye tangi la kulainisha mnyororo. Mnyororo huirusha oili hiyo kama ukungu kwenye ngozi, macho na pua, na oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Nunua oili safi ya mnyororo.

Nani asiushike kabisa? Mwenye kifafa. Mwenye kisukari anayetumia insulini na ambaye sukari yake hushuka ghafla, au aliyepoteza hisia za miguu na vidole. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, kwa kuwa jeraha dogo kwake si dogo. Aliyekunywa pombe, au aliyemeza dawa ya mafua yenye kuleta usingizi kama Piriton. Mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwashe msumeno kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana injini hutoa nguvu za sumaku zinazoweza kukiingilia kifaa hicho. Mjamzito naye akae mbali. Hawa wote wanaweza kupata kuni zao. Wamwite fundi mwenye uzoefu na vifaa. Kwa mti mkubwa, au ulio karibu na nyumba, hata mwenye afya njema afanye hivyo, na ukigusana na nyaya za umeme wapigiwe TANESCO kwanza. Kabla ya kununua, uliza pia ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ya wilaya yako kuhusu usajili wa msumeno na kibali cha kukata.

Bajeti ya msumeno iwe na fungu la nguo: kofia ngumu yenye wavu wa uso na vikinga masikio, glovu, mabuti magumu, na suruali maalumu ambayo nyuzi zake hunasa kwenye mnyororo na kuusimamisha. Kama pesa inatosha msumeno tu, basi bado haijatosha.

Wazazi, msimpe mtoto kazi ya kushika tawi linalokatwa. Mti unapoangushwa, kila asiye na kazi hapo awe umbali wa angalau mara mbili ya urefu wake. Na mchanganyiko wa petroli na oili usiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au maji. Mara nyingi oili hiyo hutiwa rangi ya buluu, nyekundu au kijani, na kwa mtoto hiyo ni juisi. Akinywa, usimtapishe wala kumlazimisha maziwa; petroli ikirudi juu huingia kwenye mapafu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe, mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa kikohozi na kuhema haraka vinaweza kuja baada ya saa kadhaa.

Msumeno ukimkata mtu, zima injini kwanza. Kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunua kuchungulia, huku mkitafuta usafiri. Damu ikiruka kwa mapigo kutoka mguuni au mkononi na haisimami, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, si kwenye kiungo, kaza kwa kijiti hadi ikome, andika saa uliyofunga na usifungue hadi hospitali. Usiweke majivu, kahawa, udongo wala mafuta ya taa. Kidole kilichokatika kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Ukifika, mwambie mhudumu mara ya mwisho alichomwa lini sindano ya pepopunda. Kama hakumbuki, sema hakumbuki.