Jimbo Hujulikana Mezani

Mtu akitaja chakula cha Kichina hapa visiwani, aghalabu akilini mwake huwa na wali wa kukaanga, tambi, na kuku wa mchuzi mtamu uliotiwa siki. Picha hiyo si ya uongo, ila ni finyu mno. Ni sawa na mgeni aliyeonja bakuli moja la urojo pale Forodhani, kisha akarudi kwao na kutangaza kwamba amekwisha kuvijua vyakula vyote vya Afrika. China ni nchi ya watu wapatao bilioni 1.4, yenye nyanda za ngano kaskazini, mashamba ya mpunga kusini, na pwani ndefu ya wavuvi. Wachina wenyewe huhesabu mapishi makuu manane: ya Shandong, Sichuan, Guangdong, Jiangsu, Fujian, Zhejiang, Hunan na Anhui. Na hata hesabu hiyo haijagusa mapishi ya Yunnan, wala ya Xinjiang, wala ya Waislamu wa Gansu na Ningxia.

Jambo hili si la walafi peke yao. Tangu mwaka 1964 jimbo la Jiangsu limekuwa likituletea madaktari, na wananchi wasio na idadi wametibiwa nao katika hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja na ya Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba. Vijana wetu wamekwenda China kusoma, wafanyabiashara wetu huenda Guangzhou na Yiwu kununua bidhaa, na maofisa wa serikali huenda huko kwa mafunzo na mikutano. Wote hao, mapema au baadaye, huketishwa na wenyeji wao mbele ya meza ya duara. Anayejua kula pamoja nao huondoka hapo na marafiki. Asiyejua huondoka ameshiba tu.

Desturi ya kwanza ya kufahamu ni kwamba mkahawa wa Kichina haukuwekwa kwa ajili ya mtu mmoja. Aendaye peke yake hupata sahani moja au mbili, na kwa hakika hajauona mkahawa huo. Waendao wanane huagiza sahani nane au tisa, zikawekwa juu ya kibao cha duara kinachozunguka katikati ya meza, na kila mtu akachota kidogo kidogo. Sisi tuliolelewa katika sinia moja hatuna haja ya kufundishwa sana habari hiyo. Tofauti ni kwamba kwetu kila mlaji hula upande wake wa sinia. Kwao sahani yenyewe ndiyo humzungukia mlaji.

Zipo adabu ndogo ndogo ambazo mgeni hana budi kuzishika. Kiti kinachoelekea mlango ni cha heshima. Usikikalie mpaka uambiwe. Vijiti vya kulia havichomekwi wima katika bakuli la wali, kwa kuwa hufanana na vijiti vya udi vinavyochomwa kwa ajili ya wafu. Mdogo akigonganisha kikombe na mkubwa wake, hushusha chake kidogo chini ya kile cha mkubwa. Na asiyekunywa pombe asione haya kuinua kikombe cha chai: Wachina wana usemi wao wa zamani wa kuiweka chai mahali pa mvinyo, na hakuna muungwana miongoni mwao atakayemlaumu kwa hilo.

Baada ya adabu ndipo huja ladha, na hapo kila jimbo husema kwa sauti yake. Sichuan ni maarufu kwa ukali, lakini ukali wake si wa pilipili peke yake. Wapishi wa huko hutumia punje ndogo za mti unaomea nchini mwao, punje ambazo huitia midomo ganzi hata mtu akahisi kana kwamba ulimi umelala usingizi. Sahani ijulikanayo sana ni tofu ya Mapo, yaani soya iliyogandishwa ikapikwa kwa pilipili na nyama ya kusaga, ambayo asili yake husimuliwa kuwa duka moja la chakula katika mji wa Chengdu, mwaka 1862. Jirani yao Hunan, jimbo alikozaliwa Mao Zedong, hupenda ukali mtupu usio na ganzi, pamoja na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Nasi tukumbuke kwamba pilipili hiyo haikuwa yao wala yetu. Ilitoka bara la Amerika, kama mahindi na mihogo, ikavuka bahari baada ya safari za Columbus, na leo hakuna Mchina wa Hunan wala Mswahili wa pwani anayeiona kuwa ngeni.

Guangdong ni kinyume chake. Huko sifa ya mpishi ni kuiacha ladha ya kitu chenyewe isikike. Samaki huchaguliwa akiwa hai, akapikwa kwa mvuke na tangawizi na majani ya vitunguu, basi. Asubuhi marafiki na jamaa hukutana kwa kile wanachokiita kunywa chai, ijapokuwa chai huja na vikapu vingi vya mianzi vyenye vitafunio vidogo vilivyopikwa kwa mvuke. Mwenzio akikumiminia chai, hugonga meza kwa ncha za vidole viwili kuwa ndiyo shukrani, bila kukatiza mazungumzo. Wavuvi wa pwani ya kusini nao wana mwiko ambao mvuvi wa Nungwi au wa Kojani ataufahamu mara moja: samaki akiliwa upande mmoja, hageuzwi, kwani kumgeuza ni kama kupindua chombo baharini. Mfupa huondolewa, na nyama ya chini ikafikiwa kwa njia hiyo.

Jiangsu, jimbo la madaktari wetu, lina mapishi ya upole. Mji wa Yangzhou na jirani zake ndio chimbuko la mapishi yaitwayo Huaiyang, ambayo fahari yake ni kisu: tofu laini hukatwa nyuzi nyembamba mno hata zikaelea katika supu bila kukatika. Karamu ya kuasisiwa kwa Jamhuri ya Watu wa China, mwaka 1949, ilipikwa kwa namna hiyo, kwa kuwa ladha isiyo kali wala tamu kupita kiasi huwafaa wageni wa kila upande. Basi tusishangae daktari wa Nanjing akiupenda mchuzi wetu wa samaki kuliko pilipili ya mwenzake wa Sichuan.

Hapa msomaji Mwislamu atauliza swali lake, na ni swali la haki. Nyama ya nguruwe ndiyo nyama kuu katika majimbo mengi ya China, na hata sahani ya mboga huweza kukaangwa kwa mafuta yake au kutiwa mvinyo wa mchele. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu, ni wajibu. Lakini China ina Waislamu wake wa karne nyingi. Wahui peke yao ni zaidi ya milioni 10, na mikahawa yao huitwa qingzhen, maneno yenye maana ya usafi na ukweli. Tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou, zinazovutwa kwa mikono mbele ya mlaji, ni kazi yao, na maduka yake yameenea nchi nzima. Mjini Beijing mkahawa wa Donglaishun, ulioasisiwa na Mhui mwaka 1903, ulijipatia sifa kwa nyama ya kondoo iliyokatwa nyembamba kama karatasi, ambayo walaji wenyewe huichovya katika chungu kinachochemka mezani. Watu wa Xinjiang nao wana mishikaki ya kondoo iliyonyunyiziwa bizari nyembamba, na wali wa nyama na karoti uitwao polo. Pilau yetu na polo yao ni ndugu wa ukoo mmoja, waliotengana njiani katika safari ndefu kutoka nchi za Waajemi. Msafiri ajifunze kuzitambua herufi mbili za Kichina za neno qingzhen, kwa kuwa tangu mwaka 2019 maandishi ya Kiarabu yameondolewa katika milango ya mikahawa mingi ya Beijing.

Ipo njia moja ya kuyaonja majimbo haya bila kusafiri nchi nzima. Kila jimbo huweka ofisi yake katika mji mkuu ili kulisemea mbele ya serikali kuu. Ofisi hizo zilikuwa na nyumba za wageni na majiko ya kuwahudumia maofisa wanaotoka majimboni, na wapishi pamoja na viungo vilitoka huko huko nyumbani. Baadaye milango ilifunguliwa kwa kila mtu. Mkahawa wa ofisi ya Sichuan, karibu na Jianguomen, ulipata sifa kubwa kuliko mikahawa mingi ya fahari, na ule wa ofisi ya Xinjiang ulijulikana kwa chakula cha Kiislamu. Mfanyakazi wa kawaida akienda na wenzake wa kazini, wakachanga, waliweza kula chakula kile kile alichoandaliwa mkuu wa jimbo.

Lakini penye meza ya serikali hapakosi mtihani. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi, na maofisa wengi wa China waliuelewa ukweli huo vizuri kupita kiasi. Ofisi za mji mkuu zilizidi kuwa nyingi. Hata wilaya ziliweka za kwao, na kazi yake kubwa ikawa kuwakaribisha wakubwa wa wizara kwa vyakula na vinywaji ili mafungu ya fedha yaelekezwe kwao. Mwezi Januari 2010 serikali kuu iliamuru ofisi za wilaya zifungwe. Tarehe 4 Desemba 2012 uongozi wa Chama ulitoa maagizo manane ya kupunguza makuu na anasa katika kazi za umma, na karamu zikaguswa. Kampuni ya mikahawa ya Xiangeqing, iliyojengeka juu ya mapishi ya Hunan na Hubei na kuwategemea wateja wa namna hiyo, ilipata hasara kubwa mwaka 2013. Hapo ilidhihirika ni nani hasa alikuwa akilipa.

Hatua hazikuishia hapo. Sheria ya kuzuia upotevu wa chakula ilipitishwa tarehe 29 Aprili 2021, na mkahawa unaowashawishi wateja kuagiza kupita kiasi huonywa, na ukikaidi hutozwa faini ya yuan 1,000 hadi 10,000. Mwezi Mei 2025 kanuni zilizorekebishwa zilikataza vyakula vya anasa, sigara na pombe katika milo ya kazi ya maofisa. Zamani kubakiza chakula kingi mezani kulikuwa dalili ya ukarimu wa mwenyeji. Sasa kinachobaki hufungwa kikachukuliwa nyumbani, na hakuna anayeona aibu.

Sisi tuna la kujifunza katika habari hii, wala si la kuwacheka wengine. Hapa kwetu pia mgeni wa serikali huandaliwa, na hapa kwetu pia wapo wanaongoja mgeni aje ili nao wale. Kula pamoja na wenzetu wa kazi ni jambo jema, na kazi nyingi ngumu hulainika baada ya watu kuketi sinia moja. Ubaya huingia pale ambapo wachache hula kwa jina la wengi. Marafiki wakitoka, na wachange, au mmoja awalipie leo na mwingine kesho, kwani mla cha mwenziwe na chake huliwa. Huo ndio uungwana, na Wachina wanaogombania hesabu ya mkahawa kwa mfuko wao wenyewe huufahamu vilevile. Mfuko wa umma una shughuli nyingine: dawa, madawati na maji safi.

Na mgeni wa kweli wa serikali akija, tusimpeleke kula chakula alichokiacha kwao. Daktari wa Jiangsu hakuvuka Bahari ya Hindi ili aonje tambi za hoteli. Mwekeeni pweza wa nazi, boko boko, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina. Mwambieni kipi ni cha Unguja na kipi ni cha Pemba, kipi kililetwa na Mngazija na kipi na Mhindi. Sahani nne na supu moja zatosha. Ndicho kipimo ambacho Wachina wenyewe wamekitaja miaka mingi kuwa kiasi cha haki kwa mgeni wa serikali. Akiisha kula atakuwa ametujua zaidi ya alivyotujua katika hotuba, na hesabu itakayopelekwa kwa mhasibu itakuwa ndogo, wala haitakuwa na la kuficha.