Gia ya Baiskeli na Mlima wa Kila Siku

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki baiskeli hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na gari dogo. Hubeba maji, mkaa, maziwa, mikungu ya ndizi, mifuko ya saruji, na aghalabu abiria juu ya keria. Iliyozoeleka zaidi kwa kazi hizo ni ile baiskeli nyeusi ya fremu ya chuma, yenye magurudumu ya inchi 28 na gia moja tu. Umbo lake lilienea duniani kutoka Uingereza, na baadaye viwanda vya Asia vikaendelea kuitengeneza. Iwe ni Raleigh ya Nottingham, Hero ya Ludhiana au Phoenix ya Shanghai, mpango wake ni ule ule.

Gia hiyo moja huchaguliwa kiwandani na mtu asiyejua njia ambayo baiskeli itapita wala mzigo itakaobeba. Matokeo yake huonekana kila penye mwinuko: mwenye baiskeli hushuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili, akaanza kusukuma. Wengi hudhani kwamba sababu ni udhaifu wa miguu yao. Mara nyingi sababu ni idadi ya meno ya magurudumu mawili yanayounganishwa na mnyororo, na idadi hiyo yaweza kuhesabiwa, kupimwa, na kubadilishwa kwa gharama ndogo.

Gia ni nini

Baiskeli za miaka ya 1870 hazikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Aliyetaka kwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko hakuwa na njia ila kupanda gurudumu kubwa zaidi, na ukubwa huo ulikomea kwenye urefu wa miguu yake. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1.5 lilisafiri mita 4.7 kwa kila mzunguko, lakini mpandaji aliketi juu sana, na kuanguka kwake kulikuwa kwa hatari.

Mwaka 1880 Hans Renold, mhandisi aliyefanya kazi Manchester, alibuni mnyororo imara wenye pini na vigurudumu vidogo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, ambayo mnyororo wake ulipeleka mwendo kwenye gurudumu la nyuma. Tangu hapo ukubwa wa gurudumu na urefu wa mwendo vikatenganishwa. Gurudumu la kawaida liliweza kufanya kazi ya gurudumu kubwa mno, mradi meno ya mbele yawe mengi kuliko ya nyuma.

Gia basi ni uwiano wa meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 kwenye friwili ina uwiano wa 44 kwa 18, yaani 2.44. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.44. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali huisogeza baiskeli mita 5.38. Umbali huo waweza kuitwa hatua ya baiskeli. Ni hatua ndefu kuliko ya yale magurudumu makubwa ya zamani: ili kuifikia bila mnyororo, ingehitajika baiskeli yenye gurudumu la kipenyo cha mita 1.7.

Kani inayodaiwa na mlima

Hatua ndefu haipatikani bure. Kazi inayofanywa na miguu katika mzunguko mmoja lazima itoshe kazi inayohitajika kuisogeza baiskeli hatua moja. Hatua ikiwa ndefu, miguu hutakiwa kukanyaga kwa kani kubwa zaidi.

Mfano utaonyesha. Mtu mwenye uzito wa kilo 65 amepanda baiskeli ya kilo 20 na kubeba mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Jumla ni kilo 135. Anafika kwenye mwinuko wa asilimia 5, yaani barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100. Kani inayomvuta nyuma kwa sababu ya mwinuko ni 135 × 9.8 × 0.05, ambayo ni nyutoni 66. Ukinzani wa matairi kwenye barabara ya udongo ulioshindiliwa unaweza kukadiriwa kuwa nyutoni 20. Katika mwendo wa polepole upepo hauna uzito mkubwa, kwa hiyo unaweza kuachwa. Jumla ni nyutoni 86.

Kwa hatua ya mita 5.38, kazi ya kila mzunguko ni 86 × 5.38, karibu jouli 463. Mkono wa pedali wenye urefu wa sentimita 17 huchora duara lenye mzingo wa mita 1.07. Kwa hiyo mguu hauna budi kukanyaga kwa kani ya wastani ya nyutoni 433 katika duara lote.

Je, mtu huyo anayo kani hiyo? Akisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, anakandamiza kwa nyutoni 637. Lakini uzito huelekea chini daima, ilhali pedali huzunguka. Mkono wa pedali unapolala sambamba na ardhi, uzito wote hufanya kazi. Unaposimama wima, uzito haufanyi kazi hata kidogo. Hesabu ya duara huonyesha kwamba wastani unaobaki ni asilimia 64 tu, yaani nyutoni 405. Mlima unadai 433. Uzito wake wote haumtoshi. Lazima avute usukani kwa mikono ili kuongeza kani, na mwenye mzigo mzito nyuma hawezi kufanya hivyo kwa muda mrefu bila kuyumba. Ndiyo maana hushuka.

Meno manne

Sasa friwili ya meno 18 iondolewe, na mahali pake ifungwe nyingine. Jedwali hili linalinganisha friwili tatu kwa meno yale yale 44 ya mbele, mzigo ule ule na mlima ule ule. Kasi iliyoonyeshwa ni ya njia tambarare, pedali zikizungushwa mara 60 kwa dakika.

Meno 18: uwiano 2.44, hatua mita 5.38, kasi kilomita 19.4 kwa saa. Kani mlimani nyutoni 433.

Meno 20: uwiano 2.20, hatua mita 4.84, kasi kilomita 17.4 kwa saa; kani mlimani nyutoni 390.

Meno 22: uwiano 2.00, hatua mita 4.40, kasi kilomita 15.8 kwa saa. Kani mlimani nyutoni 354.

Kwa meno 20 mpandaji yumo ndani ya uwezo wake, ingawa kwa shida. Kwa meno 22 anabaki na akiba ya nyutoni 51, na mwinuko uliomshinda jana anaupanda akiwa juu ya baiskeli. Magoti nayo hupumzishwa, kwa kuwa ndiyo yanayobeba kani hiyo kila mzunguko.

Hasara yake ni ipi? Safari ya tambarare ya kilomita 10 iliyochukua dakika 31 sasa itachukua dakika 38, iwapo miguu itazunguka kwa mwendo ule ule. Mpandaji akitaka kuirudia kasi yake ya zamani, azungushe pedali mara 73 kwa dakika badala ya 60, jambo ambalo miguu iliyozoea hulimudu. Basi mwenye kuishi Shinyanga au Tabora, ambako njia nyingi ni tambarare, huenda asione faida ya kubadili. Mwenye kuishi Njombe au Lushoto ataiona siku ya kwanza.

Kazi ya karakana

Friwili hufungwa kwenye kikombe cha gurudumu la nyuma kwa hesi, na kila mkanyago huikaza zaidi. Ndiyo sababu ile iliyokaa miaka mingi haitoki kwa nyundo wala patasi, isipokuwa kwa kuharibiwa. Fundi hutumia kifungulio kinachoingia katika mapengo ya friwili, hukibana kwenye jiliwa, kisha hulizungusha gurudumu lenyewe kinyume cha mwendo wa saa. Kabla ya kufunga friwili mpya, hesi hupakwa grisi ili siku nyingine itoke kwa urahisi.

Mnyororo nao huguswa na badiliko hilo. Kuongeza meno manne nyuma huhitaji mnyororo mrefu zaidi kwa karibu milimita 25. Ekseli ikiwa imefungwa nyuma ya uma na kuna nafasi ya kuisogeza mbele milimita 12 au 13, mnyororo wa zamani utatosha. La sivyo, utaongezwa pingili. Pia uchunguzwe kama umechakaa. Pingili 24 za mnyororo mpya, kutoka pini hadi pini, zina urefu wa milimita 305. Zikipita milimita 308, mnyororo huo utaila friwili mpya kwa haraka, na ni afadhali vyote viwili vibadilishwe pamoja.

Baiskeli za gia nyingi

Huenda msomaji akasema kwamba baiskeli yenye gia nyingi humaliza tatizo hili. Kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini hata historia ya gia nyingi ilikuwa na mabishano. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, na hadi mwaka 1937 washindani hawakuruhusiwa kutumia kifaa cha kuhamisha mnyororo kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine. Walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande zote mbili: machache kwa tambarare, mengi kwa mlima. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza.

Aidha, gia nyingi nazo huchaguliwa kwa kumfikiria mtu fulani. Mfano mzuri ni baiskeli za saiklokrosi, mbio za matope na vichaka zilizoanza Ulaya na ambazo ubingwa wake wa dunia ulifanyika kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1950. Katika mbio hizo mpandaji hubeba baiskeli begani penye mwinuko mkali, kwa hiyo baiskeli haikuhitaji gia ndogo sana. Baiskeli za bei nafuu za umbo hilo huuzwa pia kwa watu wa kawaida wanaokwenda kazini na sokoni. Aghalabu huwa na meno 46 na 36 mbele, na nyuma kuanzia 11 hadi 28. Gia ndogo kabisa ni 36 kwa 28, yaani 1.29. Kwa kijana asiye na mzigo inatosha. Kwa mwenye mikoba iliyojaa, nyuma kukiwekwa meno 34, uwiano hushuka hadi 1.06, na kani hupungua kwa karibu asilimia 18.

Hata hivyo kifaa cha kuhamisha mnyororo kina mipaka miwili. Kila kimoja kina idadi ya juu ya meno kinayoweza kuyafikia, na kina kiasi cha mnyororo uliolegea kinachoweza kuuvuta. Kiasi hicho hupatikana kwa kujumlisha tofauti ya meno ya mbele na tofauti ya meno ya nyuma. Kwa mpango wa kwanza ni 10 na 17, jumla 27. Kwa wa pili ni 10 na 23, jumla 33. Kifaa chenye mkono mfupi kinachoweza 27 huenda kisiweze 33. Anayenunua meno bila kufanya hesabu hiyo huenda akanunua mara mbili.

Mipaka ya gia

Gia haizalishi nishati. Hupunguza kani na kuongeza mizunguko. Kazi hubaki ile ile. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto hupanda takriban mita 1,000. Kuinua kilo 135 kwa kimo hicho huhitaji jouli 1,323,000. Mtu anayefanya kazi ya mwili kutwa nzima huweza kutoa karibu wati 75 kwa wastani. Kwa kiwango hicho safari itamchukua takriban saa 5, hata kabla ya kuhesabu ukinzani wa matairi, na hakuna friwili duniani itakayopunguza muda huo. Inaloweza kufanya gia ni kuhakikisha kwamba wati hizo zinatoka kwa namna ambayo miguu inaweza kuistahimili.

Vilevile gia ndogo haiongezi nguvu ya breki. Mwenye kugundua kwamba sasa anaweza kupanda na mifuko miwili hana budi kukumbuka kwamba atashuka nayo kwa breki zile zile, ambazo hushika vibaya ringi za chuma zinapolowa. Mzigo upimwe kwa mteremko, si kwa kupanda tu.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kufanya uchunguzi huu kwa baiskeli yoyote iliyopo shuleni. Wahesabu meno ya mbele na ya nyuma, watie alama ya chaki kwenye tairi, wasukume baiskeli hadi gurudumu lizunguke mara moja, wapime umbali huo na kukokotoa hatua. Kisha wachague mwinuko mmoja wa njia ya kuja shuleni na kuupima kwa ubao mnyoofu wa mita moja, pima-maji na rula: ubao ukilazwa sawa kabisa kwa pima-maji, upande wake wa juu ukigusa barabara, idadi ya sentimita kati ya upande wa pili na ardhi ndiyo asilimia ya mwinuko. Kwa vipimo hivyo watajua kama aliyeshindwa na mwinuko huo ameshindwa na miguu yake au na meno ya baiskeli yake, na ikiwa ni meno, ni mangapi yaongezwe.