Sekropia, mti unaowalipa walinzi wake

Katika misitu ya Marekani ya Kati na Kusini, mti mkubwa ukianguka na kuacha uwazi wenye jua, mara nyingi wa kwanza kuuwahi uwazi huo ni sekropia, mti wenye shina jembamba na majani mapana yaliyochanjika. Mbegu zake huletwa na ndege na popo, na mche ukishika unaweza kurefuka zaidi ya mita 2 kwa mwaka mmoja. Lakini kasi hiyo ina gharama. Mti unaotumia karibu nguvu zake zote kwenda juu hubakiwa na kidogo cha kutengenezea mbao ngumu au sumu ya kuwafukuza walaji. Ndiyo maana mbao za sekropia ni laini na pingili zake zina uwazi ndani. Naamini sisimizi wanaoishi katika pingili hizo wanashika nafasi ya silaha ambazo mti haukujitengenezea.

Tazama jinsi wanavyoingia. Kwenye ukuta wa kila pingili kuna sehemu ndogo iliyo nyembamba kuliko nyingine. Malkia kijana wa sisimizi waitwao Azteca hutoboa hapo hapo, akajifungia ndani na kulea kizazi cha kwanza. Nje, chini ya kila kikonyo cha jani, kuna kitako cha vinyweleo vya kahawia kinachochomoza punje ndogo nyeupe, na sisimizi huzichuma kila zinapoiva. Fritz Müller, mwanasayansi Mjerumani aliyehamia Brazil, alizieleza katika karne ya 19, nazo zikapewa jina lake. Punje hizo zina glikojeni, akiba ya nguvu ambayo wanyama huihifadhi kwenye ini na misuli, wakati mimea kwa kawaida huweka wanga. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote: mti unatengeneza chakula cha mnyama, tena mahali ambapo mnyama huyo atakiona.

Si wote waliokubali. Mwaka 1907 Hermann von Ihering, aliyefanya kazi Brazil, alisema sekropia inawahitaji sisimizi hao kama mbwa anavyohitaji viroboto. Pingamizi hilo lilistahili kujibiwa kwa majaribio, si kwa maneno. Eugene Schupp, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1986, alilinganisha miti michanga yenye sisimizi na isiyo nao, na ile yenye walinzi ikakua vizuri zaidi. Sisimizi hushambulia wadudu walao majani na kukata mimea inayojaribu kuuparamia mti. Ni kweli kwamba slothi, yule mnyama wa mitini aendaye polepole, huendelea kula majani ya sekropia bila kujali. Hilo linaonyesha mipaka ya ulinzi tu, kwa sababu mche mchanga huuawa zaidi na wadudu na kivuli cha mimea inayotambaa.

Pingamizi gumu zaidi linatoka Puerto Rico, ambako sekropia huishi bila Azteca. Daniel Janzen alilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 1973: miti ya visiwani, ambako maadui ni wachache, imeacha kwa kiasi kikubwa kutoa zile punje. Kwa maoni yangu hoja haijavunjika hapo, imepata nguvu. Mahali pasipo na adui, mshahara wa mlinzi ni hasara, na mti umeufuta.

Jambo hili linatugusa Waafrika. Sekropia ililetwa na watu Côte d'Ivoire na Kamerun, ikaenea yenyewe bila Azteca, na sasa inagombea nafasi za jua na ndugu yake wa asili, musanga, mti wa misitu ya Kongo na Uganda. Aina hiyo, Cecropia peltata, imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kwa hiyo anayetafuta mti wa kukua haraka kwa ajili ya kufunika ardhi iliyokatwa miti asitazame kasi peke yake. Aulize kwanza mti huo ulikuwa na maadui gani kwao, na kama maadui hao wapo hapa. Kama hawapo, apande musanga au mti mwingine wa asili ya eneo lake.