Vitanda vya Mawinguni: Nani Analala Vizuri Kuliko Wote?

Bihambwe, jirani na machimbo ya koltani ya Rubaya mashariki mwa Kongo, hakuna uwanja wa ndege. Anayetoka huko kwenda ng'ambo huteremka milima ya Masisi kwa pikipiki au lori hadi Sake, kisha Goma. Zamani Goma kwenyewe angeweza kupanda ndege ya Ethiopian Airlines hadi Addis Ababa. Lakini uwanja ulifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, na msafiri akalazimika kuvuka mpaka akaitafute ndege Kigali. Anafika uwanjani mgongo umeshachoka, na usiku wa angani haujaanza. Rekodi zinazofuata nimezipima kwa macho ya huyo.

Tuanze na safari ndefu kuliko zote za abiria bila kutua. Taji analo Singapore Airlines, kati ya Singapore na New York: kilomita zipatazo 15,300, saa zinazokaribia 19, kwa ndege ya Airbus A350-900ULR. Qantas wa Australia wanalitaka taji hilo kwa safari ya Sydney hadi London, ambayo huenda ikafika saa 22. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya Airways walifungua Nairobi–New York tarehe 28 Oktoba 2018. Ni kama saa 15 za kwenda, na kurudi ni pungufu kidogo kwa sababu upepo wa juu unasukuma ndege kuelekea mashariki.

Mkongomani anayelalamikia saa 15 amkumbuke Edmond Thieffry. Mbelgiji huyo aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 na kutua Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Na katika hizo zote, muda wa kuwa hewani haukutimia hata saa 80. Zilizobaki zilikwenda kwa matengenezo, kungoja na kulala. Abiria wa Imperial Airways waliopita Kisumu miaka ya 1930 nao walilazwa hotelini njiani, maana ndege ilitua jioni na kuruka asubuhi. Kwa maoni yangu hakuna abiria wa anga aliyewahi kulala vizuri kuliko wao, ingawa walilala ardhini.

Waliolala angani kwa muda mrefu kuliko binadamu yeyote ndani ya ndege ni Robert Timm na John Cook. Tarehe 4 Desemba 1958 waliruka kutoka Las Vegas kwa kijindege cha Cessna 172, wakatua tarehe 7 Februari 1959, baada ya siku 64 na saa 22. Mafuta walipokea kutoka kwenye lori lililokimbia chini yao. Walikuwa na godoro dogo, wakilala kwa zamu, na kelele za injini hazikukatika. Siku ya 36 Timm alisinzia akiwa zamu. Ndege ikajiendesha yenyewe zaidi ya saa moja kabla hajashtuka. Rekodi yao haijavunjwa, na sioni mwenye akili timamu atakayeitamani.

Vitanda vya kifahari navipita haraka. Mwaka 2007 Singapore Airlines waliweka vyumba ndani ya A380 ambamo vitanda viwili viliweza kuunganishwa kuwa kimoja. Mwaka 2014 Etihad wa Abu Dhabi wakawapiku kwa makao ya sebule, chumba cha kulala na bafu, yote kwa abiria wawili. Kinyume chake kilikuwa Walikale, huko huko mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 2000 ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kubeba kasiteriti, mawe ya bati, ya machimbo ya Bisie hadi Goma. Kati ya magunia ya mawe, nani angeuliza kama kiti kinaegemea?

Rekodi inayonipendeza zaidi ni ya hewa yenyewe. Ndani ya ndege nyingi, shinikizo la hewa linalingana na la mlima wa mita 2,400 hivi. Katika Boeing 787 na A350 ni kama mita 1,800. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, aliyezoea usawa wa bahari, hupandishwa mlima bila kutembea, na usingizi wake hukatika-katika. Wa Masisi, ambako vilima vingi vinapita mita 2,000, anaweza kulala ndani ya 787 chini kuliko nyumbani kwao. Shida yake ni ukavu. Kwao ni ukungu na mvua. Ndani ya ndege unyevu wa hewa mara nyingi haufiki asilimia 20. Koo hukauka, macho huwasha.

Kuna pia rekodi isiyoandikwa kitabuni, ya kungoja kiti. Kambi ya wakimbizi ya Kiziba nchini Rwanda ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongomani, wengi wao wa Masisi na Rutshuru. Waliopata nafasi ya kuhamia Marekani walipanda ndege wameshika mfuko wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) wenye nyaraka zao, huku nauli ikiwa mkopo usio na riba wa kulipwa kidogo kidogo baada ya kufika. Abiria wa namna hiyo anakaa kwenye kiti cha mkopo, na hathubutu kufumba macho asije akapitwa na ndege ya kuunganisha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango huo wa kupokea wakimbizi, na wengine waliokuwa wameshapangiwa safari wakabaki.

Kwa atakayesafiri: omba kiti cha dirishani, uegemee ukuta na usiamshwe na jirani. Funga mkanda juu ya blanketi, mhudumu auone bila kukugusa. Kunywa maji, pombe iache. Na hata ukilala fofofo, ukiamka simama utembee: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa bila kusogea kwa saa 4 au zaidi huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.